Rivolva ya Mama Muriuki na klik moja iliyochelewa

Klik. Klik. Nyingine tena, kavu, kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto. Halafu moja iliyochelewa kidogo, laini, kama mtu aliyesahau jambo akalikumbuka akiwa tayari mlangoni.

Niliisikia hivyo kabla sijaiona.

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambako mlima umejifunika tangu asubuhi. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kutunga riwaya, kwa hiyo najua mtanishuku. Hapa sijatunga. Ningekuwa natunga, ningeyamaliza vingine.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika duka la silaha, leseni yangu mpya ikiwa kwenye bahasha, nikisubiri kuonyeshwa rivolva ya mtumba.

Nilijiunga na klabu ya shabaha kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Nyumba yangu ya Kamakwa ilikuwa kimya mno. Anayeandika hukaa peke yake akidhani anakaa na watu. Ukizima kompyuta ndipo unagundua hakuna aliyekuwepo.

Mwenye duka akavuta pazia. Aliyekuwa akizungusha silinda alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la kanisani, mkulima wa chai kutoka Kianyaga. Nitamwita Mzee Gachoki. Rivolva ilikuwa ya marehemu mkewe, Mama Muriuki, ambaye alipiga shabaha miaka mingi kabla wanawake hawajaanza kuonekana huko.

"Nionyeshe mkono," akaniambia, hata kabla ya salamu.

Nikaunyoosha. Akanishikisha mpini wa mbao, akaangalia vidole vyangu vinafika wapi.

"Wengine wamekuja na mikono kama majembe. Hii mpini alichonga yeye mwenyewe. Wewe unaingia."

Kisha akazungusha silinda tena, polepole.

"Umesikia hiyo moja inachelewa? Jumapili tukitoka kanisa alikuwa anaisafisha bedroom, mimi niko sitting room na chai. Nikisikia hiyo, najua ako."

Halafu akauliza, akimwangalia mwenye duka na si mimi, kama Jumapili moja moja anaweza kuja kwangu kuisikia.

Nikamwita babu kwa Kikuyu: "Karibu, Guka."

Kazi ya kuifufua nilianza wiki hiyo hiyo. Kutu ilikuwa imetambaa chini ya mtutu kama ukungu kwenye ukuta wa choo. Niliisugua kwa mafuta na pamba laini ya shaba, kidogo kidogo, maana ukiharakisha unaondoa chuma pamoja na kutu. Mpini niliupaka mafuta tu. Kulikuwa na bonde dogo pale kidole gumba kinapokaa. Sikuligusa.

Na Mzee akaja. Jumapili baada ya Jumapili, akitoka kanisani, koti lile lile, na kiondo mkononi, kikapu cha kusukwa kilichojaa nduma za kuchemsha.

Wenyeji wa huku mnajua: kiondo kikija na chakula hakirudi kitupu. Unatia kitu, hata kama ni sukari. Mzee alikuwa na viondo viwili, vyote vilivyosukwa na mkewe, na alikuwa na ujanja wake. Akija na kimoja, alikuwa "anakisahau" kwangu. Jumapili inayofuata anakuja na cha pili, anachukua kile cha kwanza. Kwa hiyo kila mara kulikuwa na kiondo kimoja kikimsubiri jikoni kwangu. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nimeng'amua.

Yeye anakaa sebuleni na chai. Mimi niko chumbani, mlango wazi kidogo, rivolva haina risasi, nasafisha na kuzungusha. Ile klik laini ikipita, nasikia kikombe kinatulia kwenye kisosi. Hatukuwa tukiongea sana. Nyumba ilikuwa na watu, basi.

Shida ilianzia uwanjani.

Siku ya kwanza kupiga, jamaa wa klabu walinitania. "Mwandishi, ukikosa shabaha, andika tu kwamba umepata." Nikacheka nao. Nikapiga, nikapiga, na kwenye tundu lile la silinda linalochelewa, jamaa aliyesimama kando yangu akashika shavu. Lilikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Kamau, msimamizi wa uwanja, akaichukua rivolva, akamulika tochi ndani. Tundu moja la silinda halikukaa sawasawa na mtutu. Risasi ikipita hapo inakwaruzwa, na kipande kinaruka kando.

Nikamweleza nilivyoambiwa na Mzee, nami nikadhani ni mazoea ya mtu tu: mkewe hakuwahi kutia risasi kwenye tundu hilo. Alikuwa anatia tano.

"Na siku utasahau?" Kamau akasema. "Siwezi kuruhusu bunduki inayotegemea kumbukumbu ya mtu. Itengenezwe, ama usiilete hapa."

Wakuu, nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Klik ile ndiyo ilikuwa kosa lenyewe. Fundi akirekebisha kosa, sauti inakwenda. Sauti ikienda, Mzee atakuja kusikiliza nini? Nilifikiria hata kuiacha kabatini isipigwe tena, iwe ya Jumapili tu. Lakini kila nikimkumbuka yule jamaa na shavu lake, karibu kabisa na jicho, najua siku moja mimi, au mtu mwingine baada yangu, tutatia sita.

Nikamwambia Mzee ukweli. Alikuwa akimenya nduma kwa kidole gumba.

"Aliambiwa aipeleke kwa fundi mara mingi," akasema. "Alikuwa anakataa. Ati ameizoea."

"Na wewe unasemaje, Guka?"

Akamaliza kumenya kwanza.

"Itengeneze. Bunduki si redio."

Fundi mwenye kibali akaipanga silinda, akalainisha triga isikwame, akanyoosha kilengeo cha nyuma. Nilipoirudisha uwanjani, Kamau aliikagua, akanirudishia. Nikapiga sita. Matundu yote kwenye karatasi ungeyafunika kwa kifuniko cha soda. Niliitoa karatasi ile, nikaikunja, nikageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha. Jamaa walikuwa wanafunga mabegi.

Funzo naliweka hapa, kwa sababu kinachofuata hakina funzo. Ukinunua kitu cha mtumba, uliza kila kasoro ilikuwa inamfanyia nani kazi. Ikiwa ni ya hatari, itengeneze hata hivyo. Nimejiuliza mara nyingi, na bado ningeitengeneza. Lakini usijidanganye kwamba umeondoa kutu peke yake.

Wenye uzoefu wa vitu vya marehemu, andikeni hapa chini. Nitasoma maoni yote. Muda ninao.

Sasa ile Jumapili.

Mzee alikuja na nduma kama kawaida. Nikamtilia chai, nikaingia chumbani, nikaacha mlango wazi kidogo. Nikazungusha silinda. Zote sawa, kavu, safi, kama saa mpya. Nikazungusha tena, polepole zaidi, kama kwamba upole ungeweza kuirudisha.

Sikusikia kikombe.

Nilipotoka, chai ilikuwa nzima, imefanya utando juu.

"Umeitengeneza vizuri, mwari," akasema, kama anayesema na binti yake.

"Nikupashie chai, Guka?"

"Hapana. Nimeshiba." Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Kiondo yangu iko wapi?"

Nikamletea kile cha Jumapili iliyopita.

"Na hii ya leo. Toa nduma, unipatie zote mbili."

Nikamwaga nduma kwenye beseni. Viondo haviwezi kurudi vitupu, nami sikuwa nimejiandaa kwa viwili. Nikatia sukari kwenye kimoja, na kwenye kingine nikatia nilichokuta mbele yangu kabatini.

Akachungulia. "Unapelekea mtu wa Kianyaga majani chai?"

Tukacheka kidogo, wote wawili, tukiangalia sakafu.

Nikachukua sweta nimsindikize hadi getini. "Kaa tu," akasema. "Kuna baridi."

Mlango wangu umevimba kwa mvua. Haufungiki mpaka uvutwe mara mbili, na wageni hawajui hilo. Mzee Gachoki akatoka, viondo vyote mkono mmoja, akauvuta mara mbili.