Stesheni kwenye Karatasi ya Watalii

Karatasi ya watalii ilikuwa na vituo vitano: nyumba za wazungu wa mgodi, kanisa, duka la malakite, yale mawe ya kijani ya shaba, stesheni ya treni, na ziwa Tshangalele kwa anayetaka samaki wa kuchoma. Nilikuwa nimesoma historia chuo kikuu, nikiwachosha walimu kwa maswali, na kazi pekee niliyopata Likasi ilikuwa kusema sentensi za mtu mwingine kwa sauti ya furaha. Ofisi ndogo iliyoniajiri ilikuwa imejipa jukumu la kutunza urithi wa mji. Shaba ilitujenga, kisha ikatupa kisogo; sasa tunawaonyesha wageni kuta.

Baba alinisikia nikijizoeza uani. Nilipofika kwenye stesheni, "kumbukumbu nzuri ya enzi za shaba," aliacha kunyoa.

"Na mudogo yangu, iko wapi mu hii karatasi?"

Mdogo wake huyo alikuwa na miaka minne. Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba. Watoto wake wote walizaliwa hapa. Ukaja mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa kwa kuitwa wageni, na babu na familia yake wakalala kwenye stesheni ile siku kumi na mbili, katikati ya magodoro na masufuria, wakingoja treni. Mtoto aliharisha siku mbili, akafa. Walimzika nyuma ya reli. Matanga hayakukaliwa, maana treni ilifika kesho yake asubuhi, na ambaye hakupanda alibaki. Baba alirudi akiwa mtu mzima, kwa sababu huko Kasai alikuwa mgeni. Stesheni hakuikanyaga tena.

"Useme tu neno moja," aliniomba. "Apa bantu balilala, balingoya treni, bengine balikufa. Basi."

Nililipeleka ombi hilo kwa mkuu wa ofisi. Akacheka.

"Weye unataka watalii balie? Hii ni patrimoine, ni urithi, mutoto. Politique uache kwenu. Kama unashindwa, kuko bengine banangoya hii kazi."

Jumamosi walikuja wageni saba, wengi wao kutoka Lubumbashi, simu mkononi. Wa nane alikuwa baba, ndani ya koti lake la kanisani. Hakunisalimu kama mwanawe. Alifuata nyuma, akasikiliza habari za baraza na mawe ya kijani. Tulipofika stesheni alisimama kwanza nje, akavua kofia, ndipo akaingia. Nikaeleza paa, nikaeleza nguzo. Mkuu alikuwa ubavuni mwangu.

"Kuna swali?" nikauliza.

Baba akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Monsieur le guide, apa bantu balilala siku ngapi?"

Alikuwa ameniwekea neno mdomoni. Nilipaswa tu kujibu swali la mgeni, na hakuna ambaye angenilaumu. Kumi na mbili. Mimi, niliyebishana na maprofesa mpaka wakanikimbia kwenye korido.

"Sina habari hiyo, papa," nikasema. "Tuendelee na saa ya ukutani."

"Muzee anazania ni oteli!" kijana mmoja akatania, wakacheka. Baba akacheka nao. Alicheka ili nisiaibike.

Mwishoni kulikuwa na kitabu cha wageni: jina, umri, unatoka wapi, maoni. Baba aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya mapadri. Hakuandika jina lake, aliandika la mdogo wake. Umri: minne. Anatoka: Likasi. Nafasi ya maoni aliiacha wazi. Akanirudishia kalamu.

"Merci, monsieur."

Jioni mkuu alipitia ukurasa ule kwa kidole, akafika kwenye mstari wa baba, akasoma umri, akafurahi.

"Unaona?" akaniambia. "Ata batoto banaanza kukuya kuona stesheni."

Nikasema ndiyo.