Samaki wa Mtego wa Wenyewe

Kila ninaponusa petroli ya jenereta, naiona ile skrini ikiwaka polepole, na papo hapo nanuna. Mnivumilie, wenzangu. Hasira hii ni ya kitoto, na imekataa kukua.

Mimi na dada yangu mkubwa, Yaya Bijoux, tulizaliwa penye maporomoko ya Wagenia, katika familia ya wavuvi. Likizo ile tulikaa mjini, mtaa wa Mangobo, kwa mjomba wetu, Tonton Fidèle, aliyefanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka na aliyekuwa na kompyuta kuukuu iliyowashwa kwa jenereta. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: msichana anamtafuta kaka yake aliyepotea, nawe unabonyeza vitu, mlango, kamba, taa, mpaka kimoja kikufungulie njia. Yaya alishika kipanya, mimi nikawa macho. Mimi ndiye niliyeuona ufunguo ndani ya chungu, na niliringa juma zima. Tuliapa kwamba mwisho tutauona pamoja.

Kisha, ndani ya mchezo, tukafika mtoni. Mlinzi wa daraja alitaka samaki ndipo atupishe, na samaki alikuwa ndani ya mtego wa mzee aliyesinzia ukingoni. Mtoto mwingine angebonyeza bila kuwaza. Kwetu kila nguzo ya kufungia mitego kwenye maporomoko ina ukoo wake, na kikapu cha kunasia samaki cha wenyewe, hata kikijaa pomoni, unakipita kama hukukiona.

"Hapana, Yaya. Ule mutego iko ya benyewe."

"Bon, hatutaugusa," alisema. "Tutafute njia ingine."

Tukabonyeza mawe, mawingu, hata paka. Wapi! Mimi sikujali. Kukwama na Yaya, tukila kwanga, ule mkate wa muhogo, na karanga, kulikuwa kutamu kuliko kushinda.

Asubuhi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta majina ya watengenezaji yanapanda kwenye skrini. Mchezo ulikuwa umekwisha. Yaya hakugeuka.

"Uligusa mutego?"

"Iko muchezo tu, petite."

Nilimwita mwizi mbele ya Tonton, na nikakataa kula naye sahani moja. Siku chache baadaye alipanda boti kwenda Kinshasa, kuishi na kusoma kwa shangazi yetu. Nyumba nzima ilijua tangu likizo ilipoanza, isipokuwa mimi. Eti ningewasumbua kwa kilio. Nilijifungia chumbani, sikwenda hata kumuaga.

Ilinichukua miaka kuielewa haraka yake. Alitaka kuujua mwisho kabla hajaondoka, na wakubwa walikuwa wamemfunga mdomo. Wote walinisaliti, naye pamoja nao, na bado naumia. Samaki wa yule mzee si kitu. Yaya angeninong'oneza tu kwamba anaondoka, ningemwiba samaki huyo mimi mwenyewe, tukavuka daraja pamoja.