Ujumbe Ulioingia kwa Mzee Alute

Hajira binti Mselemu aliuza dawa kijijini Issuna tangu baba yake, mwenye duka, alipofariki, na watu walisema mdomo wake umetiwa kufuli. Iwe dawa ya minyoo au ya ugonjwa usiotajwa, aliifunga kwenye gazeti kwa namna ileile, akaikabidhi huku akiuliza habari za alizeti. Aliyetaka kujua jirani yake anaumwa nini alitoka pale mikono mitupu.

Mwaka jana aliitwa semina mjini Singida. Waliambiwa kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na kwamba haiwahusu wenye mabenki tu. Hata mwenye kiduka, akichukua jina na namba ya mteja, amechukua kitu cha mtu: lazima amweleze anakitakia nini, apate ridhaa yake, na taarifa za ugonjwa azilinde zaidi. Hajira alimwambia mdogo wake Abdillahi kwamba haya yote baba yao aliyafanya bila kuambiwa na serikali.

Abdillahi ndiye aliyemwekea kwenye simu mpango wa kuwatumia wateja ujumbe dawa walizoagiza zikifika kutoka mjini. Hajira akaanza kuwaomba ridhaa mmoja mmoja. Wengi walimcheka. Rahabu, aliyekuwa akimchukulia binti yake Joyce dawa za kifafa tangu utotoni, hakumwacha hata amalize.

"Dada Hajira, wewe tena? Siri yetu ipi usiyoijua?"

Akataja namba, Hajira akaiingiza. Joyce alikuwa amesimama kando ya mama yake. Alikuwa msichana mkubwa sasa, amechumbiwa, na miaka mingi ilikuwa imepita bila kuanguka, kwa sababu hakukosa dawa.

Namba ile ilikuwa ya mzee Alute. Upande ule wa kijiji mtandao unashika vizuri nyumbani kwake tu, na sola iko kwake, kwa hiyo akina mama wengi hutoa namba yake kama yao. Ujumbe ukiingia, Alute huusoma kwa sauti ili aliye karibu aupeleke. Hajira alilijua hilo. Nani Issuna hakulijua? Lakini siku ile akili yake ilikuwa kwenye ridhaa, haikuwa kwenye simu.

Ujumbe uliingia wazee wa upande wa mchumba wakiwa wamekaa uani kwa Alute, mshenga wao, wakizungumzia ng'ombe wa mahari. Alute akavaa miwani, akasoma kama kawaida yake: "Rahabu, dawa za kifafa za Joyce zimefika." Alipofika mwisho ndipo akaelewa alichokisoma. Wageni walimaliza uji wao, wakaaga kwa adabu, na ng'ombe hawakuja.

Hajira alizipata habari dukani, kwa mteja aliyedhani anamtania. "Kumbe binti Mselemu kufuli lake ufunguo anao mzee Alute."

Alifunga duka mchana kweupe, akachukua zile dawa, akaenda kwa miguu hadi kwa Rahabu. Rahabu alimpa kigoda. Akamlaumu Alute, akajilaumu mwenyewe kwa kutoa namba isiyo yake. Rahabu hakumlaumu Hajira, na hilo lilimuuma Hajira kuliko matusi.

Joyce alitoka ndani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Nilimuuliza mama yako, akakubali..."

"Nilikuwepo." Joyce alikuwa akitazama chini. "Anayeumwa ni mimi. Mbona hukuniuliza mimi?"

Kwenye semina Hajira alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba taarifa ni za mtu mwenyewe. Lakini kwake Joyce alikuwa bado yule mtoto aliyeletwa dukani amebebwa mgongoni. Akatoa simu, akasema atafuta jina, namba na kila kitu, mbele yake, sasa hivi.

"Futa," Joyce alisema. "Na kule uani kwa mzee Alute, utafutaje?"

Akarudi ndani. Hajira alifuta, kisha akaziweka dawa juu ya kigoda alichokuwa amekalia.

Baada ya hapo mama na binti hawakuja tena dukani. Hajira alisikia kwamba Joyce hupanda basi hadi mjini, kwenye duka ambalo hakuna anayemfahamu. Nauli ile ilimuuma kama inatoka mfukoni mwake. Hata hivyo kila aliposikia Joyce ameonekana kituoni, alishukuru kwamba bado anameza dawa.