Sikio Juu ya Kitenge

Kliniki mbili za Kindu zilikwisha kuirudisha kadi ya bima ya serikali ya Mama Clémentine kabla hata ya kumuuliza anaumwa wapi. Daktari huyu wa moyo, wa mtaa wa Mikelenge, aliipokea kwa mikono miwili. "Kadi iko muzuri, mama. Tusikie moyo." Akakipasha kifaa chake cha kusikilizia moyo joto kiganjani, kisha akainua kidole watu wanyamaze. Clémentine alikijua kidole kile. Wakati wa vita, daktari akiwa bado muuguzi kijana asiye na kifaa chochote, alikiinua hivyo hivyo, akalaza sikio mgongoni mwa marehemu mama yake Clémentine, juu ya kitenge, nywele za daktari zikinukia sabuni ya mawese.

Nje, bomba la moshi la pikipiki likalia pa! kama bunduki. Kidole kikabaki juu. Clémentine naye akabana pumzi, maana wa umri wao wanajua kwamba risasi ya kwanza haiji peke yake. Wakangoja. Pikipiki ikaenda zake.

"Na weye, mama, unangojaka ya pili?"

"Njo vile, Dokta," akakubali.

Daktari akakivua kifaa, akakiweka mezani, akalaza sikio mgongoni mwake, juu ya kitenge. Nywele zake sasa zilikuwa nyeupe. Sabuni ilikuwa ile ile.