Nyigu wa Kiberiti

Kila nikifungua kiberiti kipya, ile harufu hunirudisha Bungoma, uani kwa kukhu, nyanya yetu. Likizo moja nilitoka kwetu Kitale na nyigu mfu ndani ya kiberiti. Likizo iliyotangulia binamu yangu aliapa kwamba nyigu anayechimba mchanga ana kiuno chekundu. Wa kwetu ni mweusi tititi, na sikutaka kuitwa mwongo tena.

Binamu alimwangalia nyigu wangu, akaangua kicheko. "Huyu amevaa nguo ya matanga, bana! Wetu amevaa ya halusi."

Akanivuta hadi nyuma ya jikoni. Kweli, nyigu wa kiuno chekundu! Alikuwa akichimba, mchanga wa moto ukiturukia miguuni. Kisha akamburuta panzi hadi mlangoni pa shimo, akamwacha hapo, akaingia peke yake kukagua nyumba.

"Hata wetu huingia kwanza!" nikapiga kelele.

"Basi ni ndugu. Fundi wa nguo ndiye tofauti."

Tukamchimbia wangu shimo pale kando. Kukhu akatokea. "Nani amekufa?"

"Mgeni wa Kitale, kukhu."

"Na mnacheka?"

"Si amekuja halusi na nguo ya matanga!"