Jina Chini ya Rangi ya Kombi Yangu

Ndugu zangu, leo nimeogopa gari yangu mwenyewe.

Asubuhi niliweka picha ya kombi yangu kwenye mashindano ya magari ya kupambwa, hapa hapa mtandaoni. Rangi nyekundu mupya, mapazia, muziki. Kasongo nzima wakasifu!

Kisha mwanamke nisiyemujua akaandika: "Kaka, vile vyuma vya juu ya paa baba yangu alivichomelea mwenyewe. Kwangua rangi kwenye mulango wa dereva. Aliandika pale jina langu, Amina. Alienda Salamabila na kombi hiyo, hakurudi."

Nikachukua kisu, nikakwangua.

A. M. I.

Nikaacha hapo.

Sasa hivi mutu aliyeniuzia ameniandikia: "Futa ile picha. Niko njiani."

Mungekuwa ninyi, mungefuta?

Mimi sijafuta. Na kwangu anapajua.