Kikohozi cha Baba Mkwe

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Mbozi. Ameomba jina lake na la kijiji chake yasitajwe, nasi tumetii.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, nimeolewa huku Mbozi kwenye kahawa. Mume wangu yuko kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, kwa mkataba wake wa pili, na huu ni mwaka wa pili tangu arudi huko. Nausoma ukurasa huu kila gazeti linapofika misheni, na siku zote nimekuwa hodari wa kuwacheka wanaoandika. Leo ni zamu yangu. Naogopa, ndugu zangu, na ninayemwogopa ni mimi mwenyewe.

Nina ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka. Ukishuka, nalala nikiutazama ukuta majuma mazima, hata mtoto wangu akilia namsikia kama mtoto wa jirani. Hapo watu hunihurumia na kuniletea uji. Hatari ni pale unapopanda. Usingizi wa saa moja unanitosha, napalilia kahawa wenzangu hawajaamka, naimba, nagawa vyombo ambavyo hata si vyangu, na nina furaha ambayo siwezi kuieleza. Sijioni mgonjwa hata kidogo. Dresa wa misheni, yule mganga msaidizi, aliniambia waziwazi, "Mama, dawa ya kuumaliza sina. Ila ukilala mapema dalili zikianza, ugonjwa hautafika mbali. Tafuta mtu wa kukuangalia, maana mwenyewe hutajua."

Mtu huyo ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Ana ulimi mkali, Mungu ambariki. Akisikia nimeanza kusema harakaharaka, ananinyang'anya jembe, anawachukua watoto, anafunga dirisha. "Wifi, ingia ulale, usinichoshe mie!" Namtukana, kisha nalala. Hivyo ndivyo tulivyopita misimu mitatu ya mavuno bila aibu.

Kabla hatujajua kufanya hivyo, yalinikuta makubwa. Kwanza wasomaji wa mbali muijue desturi yetu. Huku mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, hawasemezani. Mzee akipita njiani hukohoa, nami nikisikia natoka njiani, naingia katikati ya kahawa na kumpa mgongo mpaka apite. Yeye akiniona kwanza, hufanya vivyo hivyo. Nimekaa hapa miaka minane na uso wake siujui. Najua miguu yake, fimbo yake na kikohozi chake.

Mwaka ule ugonjwa ulipanda. Nilimbeba mtoto wangu wa kwanza, bado hajaanza kutembea, nikashika njia ya Tunduma asubuhi yenye mvua, nikidai mume wangu, aliyekuwa migodini kwa mkataba wa kwanza, ananiita. Mtoto sikumfunika. Siku ya pili wachuuzi wa chumvi walinikuta karibu na mpaka, nawahubiria wapita njia, na mtoto amelowa chapachapa, hata sauti ya kulia hana. Aliugua mapafu mwezi mzima. Alipona, lakini mimi sijapona na jambo lile.

Kumbe mzee aliniona nikiondoka. Nilipita hatua chache mbele yake, naimba, kichwa cha mtoto kinaning'inia. Naye akafanya kama alivyofundishwa tangu utoto: akaingia kwenye kahawa, akageuza mgongo. Wifi ameniambia kwamba baba yake alilia mbele yake akisema, "Nilimheshimu mke wa mwanangu mpaka nikakaribia kumuua mjukuu wangu."

Sasa wifi anaolewa Mbebe, anaondoka Jumamosi. Kwetu Ndalambo mama alikwisha fariki, na kaka zangu wanasema mgonjwa hutunzwa alikoolewa. Mama mkwe hatunaye tena, na hapa nyumbani mwenye macho ya kuniona mapema amebaki mzee peke yake. Amemtuma wifi kwangu: "Mwambie niko tayari kuchinja mbuzi mbele ya wazee, tuondoe kukwepana huku, nipate kumshika mkono akizidiwa na kumpokea mtoto." Wake za shemeji zangu wameziba masikio. Wanasema jambo hilo halijapata kusikika kwa mke ambaye bado anazaa. Mume wangu aliandikiwa, naye akajibu kwa mistari miwili: "Mkono wa baba yangu usimguse mke wangu. Ngojeni nirudi." Atarudi lini, hakusema.

Mimi mwenyewe nafa kwa haya nikifikiria kusimama mbele ya mzee huyo na kuinua macho. Ndiyo maana nilikuwa nimeamua kumtii mume wangu na kunyamaza.

Lakini asubuhi ya leo nilikuwa natoka kuosha kahawa mtoni, mtoto mdogo yuko mgongoni. Kikohozi nilikisikia, tena vizuri kabisa. Sikutoka njiani. Niliendelea kwenda na kuimba mpaka nikaiona ile miguu na ile fimbo, vikirudi nyuma kwa haraka kuingia kwenye kahawa. Mzee akanipa mgongo. Akakohoa tena, na tena, na mara ya nne, nami nimesimama katikati ya njia nacheka. Ndipo nikashtuka, nikakimbilia nyumbani.

Barua hii ilikuwa na kurasa tisa, nimezichana nikabakiza hizi. Siku mbili sijalala vya kutosha na wala sichoki. Nina furaha, na furaha hii naifahamu. Najua gazeti halitafika kabla ya Jumamosi, lakini nijibuni, mliosoma na mliozeeka, kama ningekuwa binti yenu mngeniambiaje: nimtii mume wangu, au nitume neno mzee achinje mbuzi wake? Wifi amekwenda Isongole kununua khanga za harusi, atarudi kesho. Wengine wako mashambani pamoja na mtoto wangu mkubwa. Hapa nyumbani tumebaki mimi na huyu mdogo, naye bado yuko mgongoni.